Kimya cha Mtambo: Somo la Kupanga Tahadhari za Seva kwa Barua Pepe

Mwezi Desemba 1866 watu wa kisiwa cha Nzwani waliokuwa wakifuatana na Daktari David Livingstone, ambao walikuwa wameitoroka safari yake katika nchi za Ziwa Nyasa, walirudi Unguja na kutoa habari kwamba bwana wao ameuawa. Habari hiyo ilifika Uingereza, na wengi wakaiamini. Mwaka uliofuata ilitumwa safari maalumu chini ya Edward Young, nayo ikagundua kwamba habari ile ilikuwa ya uongo. Baadaye lilizuka tatizo la kinyume chake, yaani kimya. Livingstone aliandika barua nyingi kutoka bara, lakini nyingi hazikufika pwani. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kama kimya kile kilimaanisha kifo, ugonjwa, au kupotea kwa barua tu, Henry Morton Stanley alitumwa kumtafuta, akapita Unyanyembe mwaka 1871 na kumkuta Ujiji mwezi Novemba mwaka huohuo. Livingstone alipofariki kweli, mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo kilicho katika Zambia ya leo, habari ilifika Kwihara, jirani na mji wa Tabora, mwezi Oktoba, ilipoletwa na Chuma kwa Verney Lovett Cameron.

Kwa hiyo, katika muda wa miaka saba, habari za msafiri mmoja zilionyesha kasoro tatu kubwa za upashanaji wa habari: habari ya uongo iliyoaminiwa, kimya kisichojulikana maana yake, na habari ya kweli iliyochelewa. Kasoro hizo hazikuondoka pamoja na wapagazi. Zinamkabili leo mtu yeyote mwenye seva anayetaka mtambo wake umwandikie barua pindi mambo yanapoharibika, na ndizo zitakazochunguzwa katika somo hili.

Seva na marekebisho yake

Seva ni kompyuta iliyowekwa ili kuzihudumia kompyuta nyingine. Ichukuliwe, kwa mfano tu, shule ya sekondari katika kata ya Ntalikwa, Manispaa ya Tabora, yenye seva moja ndogo katika ofisi ya taaluma. Ndani yake mna alama za wanafunzi wa vidato vyote, zikiwamo alama za maendeleo ambazo shule hupaswa kuziwasilisha kwa Baraza la Mitihani. Seva hiyo ikisimama, masomo yataendelea. Lakini ikisimama wiki ya kuwasilisha alama, au diski yake ikijaa na alama za juma zima zikakosa kuhifadhiwa, watakaopata hasara ni watahiniwa ambao hata hawajui seva hiyo imewekwa wapi.

Programu inayotunza alama huitwa hifadhidata. Mtengenezaji wa hifadhidata haijui shule ya Ntalikwa. Kwa hiyo huipa programu yake vipimo vya kuanzia ambavyo havitaidhuru mashine hata iwe dhaifu namna gani. Hifadhidata ya MySQL, mathalani, isipoelekezwa vinginevyo hujitengea megabaiti 128 za kumbukumbu kwa ajili ya kuweka karibu taarifa zinazosomwa mara kwa mara, na hupokea wageni 151 kwa wakati mmoja. Katika mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, megabaiti 128 ni sehemu moja tu ya 64. Ni kama mfanyabiashara mwenye ghala kubwa anayeweka dukani pakacha moja la bidhaa, kisha kwa kila mteja akakimbilia ghalani. Seva hufanya vivyo hivyo: taarifa isiyokuwamo katika kumbukumbu hutafutwa kwenye diski, na diski ni ya polepole kuliko kumbukumbu kwa mara nyingi sana.

Kazi ya kubadili vipimo hivyo ili vilingane na mashine na wingi wa shughuli huitwa urekebishaji wa seva. Zipo huduma zinazoifanya kazi hiyo kwa msaada wa programu ndogo, inayoweza kuitwa wakala, ambayo huwekwa ndani ya seva. Wakala husoma vihesabio vya mashine kila baada ya muda fulani, huvipeleka kwenye huduma, na huduma hurudisha ushauri: ongeza kumbukumbu hii, punguza ile, taarifa fulani itafutwe kwa njia fupi zaidi. Lakini mwalimu anayeisimamia seva ana vipindi vyake vya hisabati. Hawezi kukaa mbele ya kioo akisubiri namba zibadilike. Ndiyo sababu huduma hizo hutuma barua pepe.

Hapo hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo huduma nyingi huyachanganya. Ushauri si dharura. Barua inayosema kwamba kumbukumbu ingefaa kuongezwa yaweza kungoja hadi Ijumaa, ikakusanywa pamoja na nyingine katika muhtasari mmoja wa juma. Barua inayosema kwamba diski inajaa haiwezi kungoja. Zikija zote kwa sura moja na katika sanduku moja, msomaji atazoea kuziahirisha zote.

Kizingiti kitoke wapi?

Tahadhari hutolewa pale kipimo kinapovuka kizingiti. Wengi huweka kizingiti cha asilimia 80 kwa kila kitu, kwa sababu ndiyo namba waliyoikuta katika programu. Kwa wageni wa hifadhidata waliotajwa hapo juu namba hiyo haina ubaya: asilimia 80 ya 151 ni kama wageni 121, na darasa zima linaweza kuingia bila kuifikia. Kwa diski hali ni tofauti, na hesabu yake inafaa kufanywa darasani.

Diski ina gigabaiti 500, nazo gigabaiti 400 zimejaa. Ni asilimia 80 kamili, na zimebaki gigabaiti 100. Ikiwa taarifa zinaongezeka kwa gigabaiti 2 kila siku, diski itajaa baada ya siku 50. Ikiwa kuna hitilafu na zinaongezeka kwa gigabaiti 20 kila siku, itajaa baada ya siku 5. Asilimia ni ileile, hatari si ileile. Swali la maana, basi, si diski imejaa kiasi gani, bali ni muda gani umebaki, na je, muda huo unatosha kwa kazi inayotakiwa? Ikiwa kumpata fundi na kuagiza diski kutoka Dar es Salaam huchukua siku 7, ni busara kuweka kizingiti mara mbili ya muda huo, yaani siku 14. Kwa mwendo wa gigabaiti 2 kwa siku tahadhari itatolewa zikiwa zimebaki gigabaiti 28, diski ikiwa imejaa asilimia 94.4. Kwa mwendo wa gigabaiti 20 itatolewa zikiwa zimebaki gigabaiti 280, ingawa diski haijafika hata nusu. Kanuni ya asilimia 80 ingepiga kelele mapema mno kwa siku 36 katika hali ya kwanza, na kuchelewa kwa siku 9 katika hali ya pili.

Kuna vipimo vinavyopanda na kushuka kila dakika, kama vile matumizi ya kumbukumbu. Hapo kizingiti kimoja hakifai. Matumizi yakicheza kati ya asilimia 89 na 91, kizingiti cha 90 kitatoa barua, kisha barua ya kusema mambo ni shwari, kisha nyingine ya hatari, usiku kucha. Dawa yake inajulikana na kila aliyeona pampu ya tangi la maji inavyopangwa: pampu huwashwa maji yakishuka hadi robo, lakini haizimwi yakipanda juu ya robo, bali tangi linapojaa. Vivyo hivyo tahadhari itolewe kwenye 90, na ifutwe pale tu matumizi yanaposhuka chini ya 80.

Kipimo kinachopotosha kuliko vyote ni kile kinachoonyesha taarifa ngapi zimepatikana katika kumbukumbu bila kwenda kwenye diski. Kati ya maombi 1,000,000, ikiwa 50,000 yalilazimu kusoma diski, kiwango ni asilimia 95. Umeme ukikatika na seva ikawashwa upya, kumbukumbu huwa tupu, kila ombi huenda kwenye diski, na kiwango huporomoka. Seva haina ugonjwa wowote. Ina njaa ya asubuhi tu. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kanuni hiyo isiposubiri angalau nusu saa baada ya mashine kuwaka, kila kukatika kwa umeme kutazaa tahadhari ya uongo.

Hesabu ya tahadhari za uongo

Inadhaniwa mara nyingi kwamba kipimo kinachokosea mara moja katika 1,000 ni kizuri. Siku moja ina dakika 1,440. Seva ikipimwa kila dakika, katika siku 30 itakuwa imepimwa mara 43,200, na kipimo hicho kizuri kitakuwa kimekosea kama mara 43. Ikiwa hitilafu ya kweli hutokea mara moja kwa mwezi, mwalimu atapokea barua 44, na moja tu ndiyo ya kweli. Hapo kuna kipimo kimoja; vikiwa kumi, za uongo zitapita 400. Mwalimu akiacha kuzifungua haonyeshi uvivu: anafanya hesabu sahihi kwa silika. Ndivyo tahadhari inavyokufa. Haizimwi na mtu yeyote, ila huacha kusomwa.

Njia rahisi ya kupunguza makosa hayo ni kutaka vipimo vitatu mfululizo viafikiane kabla ya barua kuandikwa. Kama makosa hayahusiani, uwezekano wa kukosea mara tatu mfululizo ni sehemu moja ya 1,000 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu, yaani moja katika 1,000,000,000. Namba hiyo ni nzuri mno kuaminika. Makosa ya mitambo huandamana: umeme hafifu unaoharibu kipimo cha dakika hii utaharibu na cha dakika ijayo. Hata hivyo faida inayobaki ni kubwa, na gharama yake ni kuchelewa kwa dakika mbili tu.

Safari ya barua

Barua pepe husafiri kwa itifaki ya SMTP, ambayo Jonathan Postel aliiandika mwaka 1982 na ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2001 na 2008. Ili huduma ya urekebishaji iweze kuitumia, hupewa jina la seva ya barua, mlango wa kuingilia, ambao kwa kawaida ni namba 587, amri ya kusimba mawasiliano ili yasisomwe njiani, na anwani ya mtumaji pamoja na neno lake la siri. Anwani hiyo ifunguliwe kwa kazi hiyo peke yake. Neno la siri la mwalimu likiandikwa ndani ya seva, yeyote atakayeivunja seva atasoma na barua zake za nyumbani.

Anwani ya mpokeaji nayo iwe ya kazi, isiwe ya mtu. Walimu huhamishwa. Shule iliyoweka anwani ya mwalimu binafsi itaendelea kumpelekea habari za diski ya Ntalikwa ilhali yeye yuko Sumbawanga, na aliyekabidhiwa ofisi hatapata hata moja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba SMTP haiahidi haraka. Seva ya barua isipoipata ile ya mpokeaji huiweka barua foleni na kujaribu tena. Kanuni hupendekeza ingoje angalau dakika 30 kati ya majaribio, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Kwa hiyo barua ya hatari yaweza kufika baada ya hatari kupita, au baada ya hasara kutokea. Barua lazima itaje saa ya kupimwa ndani yake, kwa kuwa saa ya kufika haithibitishi chochote. Tena yaweza kufika na kutupwa katika sanduku la barua taka, hasa pale jina la mtumaji linapodai ni la shule lakini seva iliyoituma haikuorodheshwa na shule kuwa na ruhusa ya kutuma kwa jina hilo. Orodha hiyo huandikwa katika kumbukumbu za jina la shule katika intaneti, na ni wajibu wa anayesimamia jina hilo kuiweka.

Saa zenyewe zina mtego kwa msomaji wa Kiswahili. Seva nyingi hufuata saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Anayetaka muhtasari wake saa moja asubuhi lazima aandike 04:00. Akiandika 07:00 utafika saa nne, akiwa darasani. Na akisahau yote mawili, akaandika 01:00 kwa kuwa ni saa moja, utafika saa kumi usiku.

Barua yenyewe iwe fupi, na kichwa chake kitoshe kumwinua msomaji kitini au kumwacha akae. Mfano:

DHARURA: seva ya alama, diski itajaa baada ya siku 5.
Imepimwa: saa 2:10 asubuhi, saa za Afrika Mashariki.
Zimebaki gigabaiti 100; zinaongezeka kwa gigabaiti 20 kila siku.
Hatua ya kwanza: angalia faili za matukio, uhamishe za mwezi uliopita.

Barua hiyo inasema ni nini, ni lini, ni kiasi gani, na mtu aanzie wapi. Aghalabu huduma huleta barua ndefu zenye michoro, na hatua ya kwanza haimo.

Kimya

Limebaki lile lililomtoa Stanley pwani. Tahadhari zote zilizoelezwa huandikwa na seva yenyewe au kwa msaada wa wakala aliyemo ndani yake. Seva iliyokufa haiandiki. Asubuhi yenye mambo shwari na asubuhi ambayo seva imeungua huleta sanduku la barua lililo sawa kabisa: tupu. Wahenga waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa na seva, lakini walilijua tatizo hili.

Wengine hulitatua kwa kuagiza seva itume kila asubuhi barua ya kusema kwamba ni nzima. Njia hiyo haitoshi, kwani binadamu hutambua kwa urahisi kilichokuja kuliko kisichokuja. Baada ya mwezi hakuna atakayegundua kwamba barua ya Jumanne haikufika. Kazi ya kungoja ipewe mashine nyingine. Seva itoe alama ya uhai kila baada ya dakika 5 kwenda kwa mlinzi aliye mahali pengine, na mlinzi huyo akikosa alama tatu mfululizo ndiye aandike barua. Kwa mpango huo kimya chenyewe hugeuka kuwa tahadhari.

Maneno “mahali pengine” ndiyo yenye uzito wote. Mlinzi aliye katika chumba kilekile atazimika kwa umeme uleule. Aliye katika jengo jingine lakini anayetumia waya uleule wa mtandao ataona hatari na kushindwa kuisema. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na watumiaji wengi nchini Tanzania na nchi jirani wakapata mtandao dhaifu au wakaukosa kwa muda. Shule ambayo seva yake iko Tabora na mlinzi wake yuko Ulaya ingeweza siku hiyo kuonekana imekufa ilhali ni nzima. Na shule ambayo sanduku lake la barua liko ng'ambo ingeweza kukosa hata habari za hitilafu za humuhumu nchini. Mawasiliano ya ndani yanaweza kubadilishwa ndani, na kwa ajili hiyo kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2004. Mpango ulio imara zaidi kwa shule ya Ntalikwa ni mlinzi mmoja aliye nchini, na njia ya pili isiyotegemea intaneti, yaani ujumbe mfupi wa simu kwa zile dharura mbili au tatu ambazo haziwezi kungoja.

Mlinzi naye hufa. Hakuna mpango wa mashine unaomaliza mfululizo huo. Unaoumaliza ni mtu anayeujaribu kwa makusudi. Mara moja kila muhula, siku isiyo na shughuli nyingi, seva izimwe bila kutangazwa, na ihesabiwe ni dakika ngapi zitapita kabla ya mwenye zamu kupata habari. Shule isiyowahi kufanya jaribio hilo ina matumaini. Bado haijapata tahadhari.

Zoezi

Seva hupimwa kila baada ya dakika 5, na kipimo chake hukosea mara 1 katika 500. Mwanafunzi atafute idadi ya tahadhari za uongo zinazotarajiwa katika muhula wa siku 90, kwanza ikiwa kipimo kimoja kinatosha kutoa barua, kisha ikiwa vinatakiwa viwili mfululizo, na aeleze kwa nini jibu la pili haliwezi kuaminiwa kikamilifu. Kwa shule yenye seva, mwalimu achomoe waya wa mtandao mbele ya darasa kwa dakika 20, kisha aurudishe. Wanafunzi waandike saa ambayo kila barua ilifika na saa ya kupimwa iliyotajwa ndani yake, watafute tofauti, na waeleze ni barua zipi ziliandikwa na seva, zipi na mlinzi, na zipi zilizotarajiwa hazikuja.